Mfanyakazi mwenye uwezo wa kufika mbali: tunamtambuaje, na tunamkuzaje bila kumharibu?

Mleta mada

Wakuu, salaam.

Kila msimu wa tathmini ofisi nyingi hurudia jambo lile lile. Kamati inakaa, majina yanatajwa, na baada ya saa chache inatoka orodha ya watu wanaohesabiwa kuwa ndio viongozi wa kesho. Ukiuliza fulani ameingiaje humo, utajibiwa kwamba anajituma, anafikisha malengo, anajieleza vizuri na wakubwa wanamfahamu. Hoja yangu ni kwamba sifa hizo, hata zikiwa za kweli, zinatueleza kidogo mno kuhusu tunachokitafuta. Uwezo wa mtu kubeba majukumu makubwa kuliko aliyonayo hauonekani kwa kumtazama akifanya kazi aliyokwisha kuizoea. Unaonekana anapopewa kazi asiyoijua, akafuatiliwa jinsi anavyojifunza. Na kazi hiyo hiyo inayomfichua ndiyo inayomkuza, kwa hiyo kutambua na kukuza si hatua mbili zinazofuatana kama miongozo mingi ya utumishi inavyozipanga.

Tuanze na utendaji, maana ndipo wengi wanapojikwaa. Utendaji ni kumbukumbu ya kazi iliyokwisha kufanyika, ilhali uwezo ninaouzungumzia ni makadirio ya kazi ambayo mtu bado hajaifanya. Mawili haya yana uhusiano, kwani mtu aliyeshindwa kazi ya sasa ni vigumu kumtetea apewe kubwa zaidi, lakini uhusiano huo hautoshi kuwa kigezo. Watafiti Alan Benson, Danielle Li na Kelly Shue walichambua kumbukumbu za wafanyakazi wa mauzo katika kampuni 131 za Marekani, na katika makala yao ya mwaka 2019 walionyesha kwamba wauzaji hodari ndio waliopewa umeneja kwa wingi, ilhali kadiri mtu alivyokuwa ameuza sana kabla ya kupanda cheo, ndivyo timu aliyokabidhiwa ilivyoelekea kufanya vibaya. Walioonyesha dalili ya kuwa mameneja wazuri walikuwa wale waliozoea kushirikiana na wenzao katika kufanikisha mauzo. Ukilifikiria kwa makini, jambo hilo halishangazi, kwa sababu muuzaji hodari hulipwa kwa alichokileta mwenyewe, ilhali meneja hupimwa kwa alichowawezesha wengine kukileta, na mtu anaweza kukaa miaka mingi katika kazi ya kwanza bila kuitumia hata siku moja misuli inayohitajika katika ya pili.

Kigezo cha pili ni kuonekana. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na nadhani methali hii imewapotosha mameneja wengi wanaoamini kwamba mtu mwenye uwezo atajitokeza tu, wao wakisubiri mezani. Ofisini chema hakijiuzi. Anayeonekana ni yule aliye karibu na mkubwa, anayezungumza kwanza kikaoni, na ambaye kazi yake huisha kwa taarifa inayosomwa juu. Yule anayezuia matatizo yasitokee haonekani, kwa sababu tatizo ambalo halikutokea haliandikiwi taarifa. Mara nyingi hugunduliwa anapokwenda likizo, wakati shughuli zinapoanza kukwama moja baada ya nyingine na watu wanaulizana ni nani alikuwa akizishughulikia.

Cha tatu ni sisi wenyewe tunaopima. Mwaka 2000 Steven Scullen, Michael Mount na Maynard Goff walichapisha utafiti uliohusu mameneja zaidi ya 4,000, kila mmoja akiwa amepimwa na wakubwa wake, wenzake na walio chini yake, wakakuta kwamba zaidi ya nusu ya tofauti za alama zilitokana na tabia ya aliyepima, wala si ya aliyepimwa. Alama ya juu ya uwezo, kwa maana hiyo, inaweza kutueleza mengi kuhusu bosi na machache kuhusu mfanyakazi. Benson, Li na Shue walirudi tena na utafiti katika kampuni moja kubwa ya rejareja ya Amerika Kaskazini, wakakuta kwamba wanawake walipata alama za juu kuliko wanaume katika utendaji, lakini za chini katika uwezo wa baadaye, na kwamba alama hizo za chini zilichangia sehemu kubwa ya pengo la kupandishwa vyeo. Baadaye wanawake wale walifanya vizuri zaidi kuliko wanaume waliopewa alama ile ile ya uwezo. Tafsiri yangu ni kwamba pale ambapo hakuna ushahidi wa kushika mkononi, mpimaji hujaza nafasi kwa sura ya kiongozi aliyoizoea.

Jedwali la vyumba tisa linalotumika katika kamati hizi, lenye utendaji upande mmoja na uwezo upande mwingine, halituokoi. Asili yake ni chombo ambacho kampuni ya ushauri ya McKinsey iliiundia General Electric mwanzoni mwa miaka ya 1970 ili kuamua ni biashara zipi ziongezewe mtaji na zipi ziachwe. Baadaye watu wa utumishi wakaliazima wakaweka wafanyakazi ndani yake. Silichukii, kwa kuwa linawalazimisha mameneja wazungumzie watu wao kwa majina mbele ya wenzao, lakini chumba hakiwezi kuwa na ukweli zaidi ya ule ulioingizwa humo.

Sasa nije kwenye utafiti ninaouona kuwa ndio kiini cha mada. Kuanzia mwaka 1956 mwanasaikolojia Douglas Bray aliongoza kazi katika kampuni ya simu ya Marekani, AT&T, iliyowahusu mameneja vijana 422. Kwa siku kadhaa walipimwa kwa mazoezi yanayofanana na kazi halisi, kama vile kushughulikia lundo la barua na maamuzi yanayosubiri, kujadiliana katika kikundi kisicho na kiongozi, na kuhojiwa kwa kina. Wapimaji wakaandika utabiri wao juu ya nani angefika ngazi ya kati ya uongozi, kisha matokeo yakafungiwa: wakubwa wa vijana wale hawakuonyeshwa, na wenyewe hawakuambiwa. Miaka ilipopita ilibainika kwamba utabiri ulikuwa na nguvu. Hilo ndilo husimuliwa kila mahali. Linaloachwa ni kwamba Bray na wenzake waliangalia pia ugumu wa kazi ambazo vijana wale walipewa, na ikaonekana kwamba waliotabiriwa kutofika mbali lakini wakapewa kazi zenye changamoto walifika mbali kwa wingi kuliko waliotabiriwa mema wakaachwa katika kazi nyepesi.

Hapo ndipo ninaposimama. Kipimo bora kilichokuwapo wakati ule, kikifanywa kwa uangalifu na kwa siri ili kisichafue matokeo, kilizidiwa na swali la kawaida kabisa la nani alipewa kazi gani. Ofisi inayotumia miezi miwili kutafuta majina na wiki moja kupanga kazi za wenye majina hayo imeyapindua mambo.

Niwape mfano ili nisibaki hewani. Makarani wawili wa huduma kwa wateja, wote wazuri kwa alama, walipewa kazi isiyo yao: kila mmoja achukue malalamiko ya robo mwaka ya tawi moja na kushauri la kufanya. Wa kwanza alirudisha taarifa mapema, yenye majedwali na rangi, ikieleza malalamiko mangapi yalihusu ucheleweshaji na mangapi yalihusu ankara. Wa pili alirudi kabla ya kuandika chochote, akauliza kwa nini baadhi ya wateja walikuwa wamelalamika mara mbili kwa jambo lile lile, na kama malalamiko yao ya kwanza yalikuwa yamefungwa na nani. Alipoambiwa kwamba hakuna anayejua, alikwenda kukaa na watu wa ankara, akagundua kwamba lalamiko lilihesabiwa limefungwa pindi linapohamishiwa idara nyingine, liwe limejibiwa au la. Taarifa yake ilikuwa fupi na majedwali yake hayakupendeza. Kikaoni wa kwanza angesifiwa zaidi. Lakini ni wa pili aliyeona kwamba swali alilopewa halikuwa swali lenyewe, akawafuata watu wasio chini ya mamlaka yake, na akarudi na jambo ambalo ofisi haikulijua. Hizo ndizo dalili ninazozitafuta, na hakuna hata moja ambayo ingeonekana katika kazi yake ya kila siku ya kupokea simu.

Karibuni kwa mjadala.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, mada ni nzito na nakubaliana na sehemu kubwa yake, lakini kwa kuwa nimekuwa upande wa utumishi muda mrefu naomba niweke tahadhari. Hoja ya kumpa mtu kazi ngumu ili umwone ikishafika kwa mameneja hugeuka kuwa ruhusa ya kumtwisha mtu mzigo. Nimeona watu wakikaimishwa nafasi mwaka wa pili sasa, bila posho ya kukaimu, bila mamlaka ya kusaini chochote, huku kazi yao ya zamani wakiendelea nayo, na kila wakiuliza wanaambiwa kwamba wanajengwa. Mtu wa namna hiyo hajengwi. Anatumiwa, na siku akiondoka tunasema hakuwa mvumilivu.

Jambo jingine ni nani anayepewa nafasi ya kujaribiwa. Kama kazi ngumu zinagawiwa na meneja kwa anaowapenda, basi tumeuhamisha upendeleo kutoka kwenye orodha na kuupeleka kwenye ugawaji wa kazi, ambako hata kumbukumbu haziwekwi.

Mchangiaji wa pili

Mimi ni msimamizi wa kitengo na nitasema lisilosemwa. Nikimtaja mtu wangu bora katika kamati, baada ya miezi michache anahamishiwa makao makuu, na mimi nabaki na pengo pamoja na malengo yale yale ya mwaka. Hakuna anayenipongeza kwa kumlea. Kwa hiyo wasimamizi wengi tunajifunza kunyamaza, tunamwandikia mtu alama nzuri ya kumridhisha lakini isiyo nzuri sana kiasi cha kuvutia macho. Si uadilifu, lakini mfumo wenyewe ndio umetufundisha. Mleta mada analizungumziaje hili?

Mleta mada

Nashukuru kwa michango yote miwili, na naona inagusana.

Kwa mchangiaji wa kwanza: kazi ninayoikusudia inamzidi mtu kimo kidogo, ina mwanzo na mwisho ulioandikwa, ina mamlaka yanayolingana nayo, na sehemu ya kazi yake ya zamani imeondolewa mikononi mwake kwa muda huo. Ikikosekana sharti la mwisho, hutajua kama ameshindwa kwa kukosa uwezo au kwa kukosa saa, kwa hiyo hata kama mateso yake hayakusumbui, kipimo chako kimeharibika. Kukaimu kusiko na kikomo sikuiti kukuza kwa maana yoyote. Kuna pia suala la mtu wa kumwegemea, na hapa namaanisha mtu mmoja mwenye uzoefu wa kazi hiyo, anayekutana naye kila baada ya wiki mbili hivi na kumuuliza maswali matatu au manne: uliamua nini, ulijua nini wakati unaamua, kilitokea nini, na sasa ungeamua vingine wapi. Mazungumzo hayo yakikosekana, kazi ngumu inakuwa ngumu tu. Mtu huimaliza, hupumua, na hujifunza machache kuliko tunavyodhani, kwa sababu uzoefu usiozungumzwa hubaki kuwa kisa.

Kuhusu nani anapewa nafasi, hoja yako ni ya kweli na sina jibu jepesi. Ninalolijua ni kwamba kazi za namna hii zikitangazwa ndani, na mtu akaruhusiwa kuziomba bila kupitia kwa bosi wake, huanza kujitokeza majina ambayo kamati haikuyafikiria. Meneja abaki na sauti, lakini asiwe mlango pekee.

Kwa mchangiaji wa pili: umesema kweli ambayo wengi wanaificha, na nadhani dawa si mahubiri. Msimamizi anayelea watu wakaondoka anapaswa kuhesabiwa hilo katika tathmini yake kama anavyohesabiwa mauzo au uzalishaji. Mtu asichukuliwe kabla ya makabidhiano yenye tarehe, na anayemchukua asaidie kutafuta mbadala. Zaidi ya hapo, kumbuka kwamba mtu mwenye uwezo akifichwa hakai. Tofauti ni kwamba badala ya kwenda makao makuu, ambako bado ungeweza kumpigia simu akakusaidia, anakwenda kwa mshindani.

Mchangiaji wa tatu

Naomba kuuliza jambo ambalo linatugawa sana ofisini kwetu. Je, mtu aliyeonekana kuwa na uwezo aambiwe? Mimi ni wa kundi la mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Tuliwahi kuwatangaza vijana kadhaa kuwa ndio tegemeo la kampuni, wakapigwa picha, wakapelekwa semina, na baada ya muda wawili kati yao walianza kuona kwamba kazi za kawaida haziwahusu. Wenzao nao ambao hawakutajwa walipunguza kasi waziwazi. Mmoja alipoulizwa swali kikaoni alijibu kwamba wakaulizwe wateule.

Mleta mada

Hilo jibu la "wakaulizwe wateule" limenichekesha na kunisikitisha kwa pamoja, kwa sababu ndiyo gharama ambayo haihesabiwi kamwe. Orodha ya watu kumi katika ofisi ya watu mia ni ujumbe kwa watu tisini.

Kunyamaza kabisa nako hakufai. Siri za kamati huvuja, na mtu asiyejua kwamba ofisi ina mpango naye hupokea simu ya mwajiri mwingine akiamini kwamba hapa hakuna anayemwona. Msimamo wangu ni kumwambia mtu kuhusu kazi, wala si kuhusu cheo cha heshima. "Tumeona namna ulivyoshughulikia suala la malalamiko, tungependa uongoze zoezi la kuunganisha mifumo ya matawi mawili kwa miezi sita, na baada ya hapo tutakaa tuzungumze" ni kauli ambayo inampa mtu la kufanya na bado haimpi ahadi. "Wewe ni miongoni mwa wenye vipaji vya juu" inampa kitu cha kukilinda, na mwenye kitu cha kukilinda hukwepa kazi ambazo anaweza kushindwa, ambazo ndizo hasa tulizotaka azifanye. Vilevile orodha isiwe ya kudumu. Aliyekuwamo mwaka jana aondoke kama ushahidi umebadilika, na asiyekuwamo aingie bila kuulizwa alikuwa wapi.

Nataka pia nigusie semina, kwa kuwa umezitaja. Sizipingi, ila naona zimepewa kazi isiyo yake. Semina inaweza kumfundisha mtu kusoma mizania au kuendesha usaili. Haiwezi kumfundisha kumwambia mtu aliyemzidi umri na uzoefu kwamba kazi yake haijafikia kiwango, wala kuamua kwa taarifa nusunusu, saa kumi na moja jioni, wakati kila mtu anamtazama yeye. Semina ikiwekwa kabla kidogo ya kazi inayoihitaji, inashika. Ikiwekwa kama zawadi ya kuteuliwa, hubaki cheti.

Mchangiaji wa nne

Sisi ni ofisi ya watu kumi na wanane. Hatuna kamati, hatuna makao makuu, na nafasi ya juu ni moja, nayo ina mwenyewe ambaye hana mpango wa kuondoka. Haya yote yanatuhusu vipi? Bosi wetu anasema ni heri kuajiri mtu aliyekwisha kuiva kutoka nje.

Mleta mada

Kuhusu kuajiri aliyekwisha kuiva, bosi wako azingatie kazi ya Boris Groysberg wa Harvard, aliyefuatilia wachambuzi nyota wa masoko ya hisa wa Marekani waliohama kampuni. Karibu nusu yao walishuka mara walipohama, na waliohama peke yao waliumia zaidi kuliko waliohama na timu zao. Sehemu kubwa ya walichokuwa wakikiita uwezo wao ilikuwa imejengwa na wenzao, taratibu na taarifa za kampuni waliyoiacha. Hiyo haimaanishi usiajiri kutoka nje. Ukifanya hivyo, fanya kwa usaili wenye maswali yaliyopangwa mapema, yale yale kwa kila mwombaji, na majibu yapewe alama kwa kipimo kimoja. Katika uchambuzi mpya ambao Paul Sackett na wenzake waliuchapisha mwaka 2022, njia hiyo ndiyo iliyoongoza katika kutabiri utendaji, mbele hata ya vipimo vya akili vilivyokuwa vikisifiwa kwa miongo mingi.

Kwa ofisi ndogo mna faida ambayo wakubwa hawana, nayo ni kwamba kila mtu anaonekana akifanya kazi. Msichokuwa nacho ni ngazi, na ngazi si lazima. Mkuze mtu kwa upana: aliyezoea manunuzi asimamie mkataba mmoja wa mteja kuanzia mazungumzo hadi malipo ya mwisho, mhasibu aandae bajeti ya mwaka ujao akiwa na sauti ndani yake, badala ya kujaza tarakimu alizopewa, na bosi akienda likizo, amwachie mtu mmoja ofisi kikweli, pamoja na saini hadi kiwango fulani cha fedha, asiwe anapiga simu kila saa mbili. Atakaporudi, asianze kwa kuuliza kama kila kitu kiko sawa, maana atajibiwa kwamba kiko sawa. Aulize ni maamuzi gani yalifanyika, na lipi lilikuwa gumu zaidi.

Na wekeni daftari. Kila mnapompa mtu kazi isiyo yake, andikeni siku hiyo hiyo mnatarajia afanye nini na wapi mnadhani atakwama, kisha ikimalizika andikeni kilichotokea bila kufuta mlichokiandika kwanza. Daftari hilo litawaonyesha uwezo wa watu wenu, na litawaonyesha pia ni mara ngapi utabiri wenu ulikosea na kwa watu wa aina gani hasa. Ukurasa wa kwanza anaweza kuandikiwa hata huyo mtakayemwachia ofisi likizo ijayo.